Maswali na Majibu: Viwanda vya Ulaya Kati ya Vita vya Ushuru na Uhaba wa Madini

Barua zilizotufikia kuhusu uchumi wa Ulaya ni nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja: mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuviondoa viwanda vyake katika makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na misukosuko ya biashara ya kimataifa inayoukumba mpango huo. Tumezijibu hapa kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu, na zilizouliza jambo linalofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi kwamba Ulaya ndiyo inayoongoza katika kupunguza gesi joto. Siku hizi tunasikia redioni kwamba wenye viwanda wa huko wanaomba sheria zilegezwe. Je, Ulaya imeiacha azma yake, au hayo ni manung'uniko ya wafanyabiashara tu?
*Mwalimu wa jiografia, Tanga*

JIBU: Salamu zimepokelewa, Mwalimu. Sheria yenyewe haijafutwa. Mpango uliotangazwa Desemba 2019 na Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya), ulipewa nguvu ya kisheria mwaka 2021, na unaziagiza nchi wanachama kupunguza utoaji wa gesi joto kwa asilimia 55 ifikapo mwaka 2030, kwa kulinganisha na mwaka 1990, na kufikia mwaka 2050 zisiwe zinaongeza angani zaidi ya kile kinachofyonzwa. Kinacholegezwa ni masharti ya njiani. Desemba 2025, kwa mfano, Tume ilipendekeza kwamba marufuku kamili ya kuuza magari mapya ya petroli na dizeli kuanzia mwaka 2035 iondolewe, na badala yake watengenezaji watakiwe kupunguza uchafuzi wa magari yao mapya kwa asilimia 90. Lengo la mwaka 2040 nalo limewekwa kuwa asilimia 90, lakini nchi wanachama zimekubaliana kwamba sehemu ndogo ya upunguzaji huo iweze kununuliwa kutoka nchi za nje.

Manung'uniko hayo yana msingi. Mpango ule ulibuniwa katika dunia ambamo Urusi iliiuzia Ulaya gesi ya bei nafuu, China iliiuzia vipuri na madini yaliyokwisha kusafishwa, na Marekani iliacha soko lake wazi kwa magari na mitambo ya Ulaya. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, gesi iliyokuwa zaidi ya asilimia 40 ya gesi yote iliyoagizwa na Umoja huo ilianza kukatika, na bei ya umeme ikapanda pamoja nayo. Ripoti ambayo Mario Draghi, aliyewahi kuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, aliikabidhi Septemba 2024 ilionyesha kwamba viwanda vya Ulaya vinalipia umeme mara mbili hadi tatu ya bei wanayolipa wenzao wa Marekani, na gesi mara nne hadi tano. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba Ulaya inahitaji uwekezaji wa ziada wa euro bilioni 750 hadi 800 kila mwaka ili isiachwe nyuma.

Marekani ikaongeza shinikizo kwa namna mbili zinazopingana. Agosti 2022 ilipitisha sheria ya ruzuku kubwa iliyovivutia viwanda vya betri na sola kuhamia kwake, kisha mwaka 2025, chini ya Rais Donald Trump, ikageukia ushuru: asilimia 25 kwa chuma na alumini mwezi Machi, ikapandishwa hadi asilimia 50 mwezi Juni, halafu makubaliano ya Julai huko Scotland yakaweka asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya. Kampuni inayotakiwa kuwekeza katika tanuru litakalofanya kazi kwa miaka 30 haiwezi kupanga hesabu zake ikiwa masharti ya kuuza bidhaa hubadilika kila baada ya miezi mitatu. Kwa maoni yangu, kutotabirika huko kumewaumiza zaidi kuliko kiwango chenyewe cha ushuru.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, na mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha chuma katika bonde la Ruhr, Ujerumani. Tuliambiwa kwamba tanuru la makaa ya mawe litabadilishwa na kuwa la haidrojeni. Sasa kila mwezi tunasikia habari za kuahirisha na za kupunguza wafanyakazi. Kama serikali imeshatoa fedha, kwa nini kazi haiendi?
*Msomaji wa Ujerumani*

JIBU: Dada, naanza na jinsi chuma kinavyotengenezwa, kwa sababu jibu limo humo. Mawe ya chuma yanayotoka mgodini yameshikana na oksijeni, na ili kupata chuma ni lazima oksijeni hiyo iondolewe. Katika tanuru la kawaida kazi hiyo hufanywa na makaa ya mawe, ambayo huichukua oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, takriban tani mbili za hewa hiyo kwa kila tani moja ya chuma. Haidrojeni nayo huweza kuichukua oksijeni ileile, na kinachotoka ni maji. Sweden imekuwa na mtambo wa majaribio mjini Luleå tangu mwaka 2020, na umethibitisha kwamba njia hiyo inafanya kazi. Kwa hiyo ufundi si kikwazo.

Kikwazo ni umeme. Kuichambua haidrojeni kutoka kwenye maji hula takriban kilowati-saa 50 kwa kila kilo moja, na tani moja ya chuma huhitaji kilo zipatazo 50 hadi 60 za haidrojeni. Ukizidisha utaona kwamba kabla chuma hakijayeyushwa wala kukunjwa kuwa bati, zimeshatumika karibu kilowati-saa 3,000 kwa kila tani. Pale ambapo umeme ni ghali, chuma hicho hakiwezi kushindana sokoni na cha makaa, hata kama jengo na mitambo vilitolewa bure. Ndiyo maana Juni 2025 kampuni ya ArcelorMittal ilitangaza kwamba haitaendelea na mipango yake ya kubadilisha matanuru katika miji ya Bremen na Eisenhüttenstadt, ingawa ilikuwa imeahidiwa ruzuku ya euro bilioni 1.3. Fedha za serikali zililenga kujenga tanuru. Hazikulenga kulipa ankara ya umeme kwa miaka 20 inayofuata.

Juu ya hilo kuna ushindani wa bei. Mwaka 2024 China iliuza nje zaidi ya tani milioni 100 za chuma, kiasi kinachokaribia chuma chote kilichozalishwa mwaka huo na nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya. Marekani ilipofunga mlango wake kwa ushuru wa asilimia 50, chuma kilichokuwa kikielekea huko kikaanza kutafuta wanunuzi kwingine, na Ulaya ndiyo iliyokuwa soko kubwa lililobaki wazi. Oktoba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza kupunguza kwa karibu nusu kiasi cha chuma cha nje kinachoruhusiwa kuingia bila ushuru, hadi tani milioni 18.3 kwa mwaka, na kinachozidi hapo kitozwe asilimia 50.

Naelewa kwa nini vyama vya wafanyakazi viliupokea vizuri mpango huo, kwani kiwanda kilichokwisha kufungwa hakigeuzwi kuwa cha kijani. Hata hivyo ushuru unazuia bei isiporomoke tu. Haushushi gharama ya umeme hata senti moja. Ninaloliona ni kwamba baadhi ya kazi zitabaki pale pale na baadhi zitahama. Kampuni ya Salzgitter inaendelea kujenga hatua ya kwanza ya mradi wake, ingawa hatua za baadaye zimesogezwa mbele, na huko Duisburg ujenzi wa mtambo mpya wa kampuni ya thyssenkrupp unaendelea, huku wataalamu wakitarajia kwamba utaanza kwa kutumia gesi asilia. Kazi inayokula umeme zaidi, yaani ile ya kuitoa oksijeni, ina sababu zote za kuhamia kwenye umeme wa bei nafuu, kama kaskazini mwa Sweden, na chuma ghafi kikaletwa Ruhr kuyeyushwa, kusafishwa na kuundwa. Ikitokea hivyo, mafundi wa kuyeyusha na kukunja chuma wataendelea kuhitajika, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wale wa matanuru ya makaa. Kama mumeo yuko upande huo, naomba aulize mapema kuhusu mafunzo ya tanuru la umeme, kabla kiwanda hakijatoa orodha ya watakaoachishwa.

SWALI: Huku Oman tunaambiwa kila siku kwamba haidrojeni yetu itauzwa Ulaya. Kwa hayo unayoyaandika, je, watainunua kweli?
*Mzanzibari aishiye Muscat*

JIBU: Watanunua, lakini kwa kiasi kidogo na baadaye kuliko ilivyotangazwa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la kuzalisha tani milioni 10 za haidrojeni safi na kuagiza nyingine milioni 10 ifikapo mwaka 2030, na Julai 2024 wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo wenyewe wakasema kwamba malengo hayo hayalingani na hali halisi. Oman kwa upande wake iliunda shirika la Hydrom mwaka 2022, na Aprili 2025 ikatia saini makubaliano ya kuandaa njia ya kusafirisha haidrojeni ya kimiminika kutoka Duqm hadi bandari ya Amsterdam na kuendelea hadi Ujerumani. Ugumu ni kwamba haidrojeni haiwi kimiminika mpaka ipoozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na gharama ya kuipooza na kuisafirisha hula faida iliyopatikana kutokana na jua la bure. Ninachokitumainia zaidi ni kuitumia haidrojeni hiyo papo hapo Oman kuzalisha chuma ghafi, kisha kukisafirisha kwa meli za kawaida. Hapo ndipo jibu hili linapokutana na lile la dada wa Ruhr.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Ulaya ina vyuo vikuu vya kwanza duniani na viwanda vya magari vyenye historia ndefu. Inawezekanaje zuio la China juu ya madini machache lisimamishe mitambo yao? Na kwa nini hawachimbi ya kwao?
*Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Swali hili ndilo kiini cha mambo yote tunayoyajadili, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Injini ya gari la umeme na jenereta ya mtambo mkubwa wa upepo wa baharini kwa kawaida hutumia sumaku zenye nguvu nyingi ambazo ndani yake mna neodimiamu na praseodimiamu, na ili zisipoteze nguvu kwenye joto huongezwa disprosiamu au tebiamu. Haya ni miongoni mwa madini 17 yanayoitwa adimu. Jina hilo lisikupotoshe, kwani ardhini yamo kwa wingi wa kutosha katika nchi nyingi. Kigumu ni kuyatenganisha. Kikemia yanafanana mno, hivi kwamba ili kupata moja lililo safi ni lazima mchanganyiko upitishwe katika asidi na viyeyushi kwa hatua mamia kadhaa, na mabaki yake mara nyingi huwa na thoriamu, ambayo ni ya mionzi.

Ulaya iliwahi kuijua kazi hii vizuri. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha La Rochelle, Ufaransa, kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani katika kutenganisha madini hayo. Wananchi walichoshwa na mabaki ya mionzi, wanunuzi wakapendelea bei ya chini ya China, na kidogo kidogo kazi ikahama pamoja na ujuzi wake. Leo China husafisha karibu asilimia 90 ya madini adimu ya dunia na hutengeneza sehemu kama hiyohiyo ya sumaku. Hakuna aliyeilazimisha Ulaya kufika hapo. Yalikuwa maamuzi ya kibiashara ya miaka 30, kila moja likionekana la busara siku lilipofanywa.

Tarehe 4 Aprili 2025, siku chache baada ya Rais Trump kutangaza ushuru wake mpya, China iliamuru kwamba madini saba kati ya hayo, pamoja na sumaku zinazoyatumia, yasitoke nchini bila leseni. Amri ilikuwa jibu kwa Marekani, lakini iliziangukia nchi zote. Kufikia Juni baadhi ya watengenezaji wa vipuri vya magari barani Ulaya walikuwa wamesimamisha mitambo, wala si kwa kukosa fedha au wateja, bali kwa kukosa sumaku ndogo zinazoingia kwenye mota za usukani, breki na viti. Waombaji wa leseni wakalalamika pia kwamba walitakiwa kueleza kwa undani matumizi ya bidhaa zao, jambo linaloweza kufichua siri za kiwanda. Oktoba 2025 China ikapanua masharti hayo, kisha, baada ya Trump na Rais Xi Jinping wa China kukutana Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa mwezi huo, ikayaahirisha kwa mwaka mmoja yale mapya. Yale ya Aprili hayakuondolewa. Ulaya ilipata nafuu kutokana na mazungumzo ambayo yenyewe haikuwa mezani.

Kuhusu kuchimba: Januari 2023 kampuni ya serikali ya Sweden, LKAB, ilitangaza kwamba katika eneo la Per Geijer, karibu na Kiruna, kuna zaidi ya tani milioni moja za oksidi za madini adimu, na ikaeleza hapohapo kwamba huenda ikachukua miaka 10 hadi 15 kabla madini hayo hayajafika sokoni. Vibali ni vingi, na wafugaji wa Kisami, wenyeji wa kaskazini huko, wana haki ya kuuliza njia za wanyama wao zitakuwaje. Huko Serbia, mradi wa lithiamu wa bonde la Jadar umewaingiza maelfu ya watu barabarani kuupinga. Siwalaumu wanaopinga. Walio karibu na mgodi ndio wanaobeba vumbi na maji machafu, na manufaa ya gari la umeme huyapata mtu wa mji wa mbali.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini muhimu, iliyoanza kutumika Mei 2024, inataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 10 ya mahitaji ya mwaka ichimbwe ndani ya Umoja, asilimia 40 isafishwe ndani, asilimia 25 ipatikane kwa kurejeleza vifaa vilivyochakaa, na kwa kila aina ya madini ya kimkakati isizidi asilimia 65 kutoka nchi moja ya nje. Magazeti huishughulikia zaidi ile 10 ya uchimbaji. Mimi naona uzito wote uko kwenye 40 ya usafishaji, kwa sababu mgodi usio na kiwanda cha kusafishia hupeleka mawe yake China kama wengine wote. Dalili njema zipo: kiwanda cha La Rochelle kimerudia kazi ya kutenganisha madini ya sumaku, na Septemba 2025 kiwanda cha sumaku kilifunguliwa Narva, Estonia. Ni mwanzo mdogo, na unategemea jambo ambalo sheria haikulishughulikia ipasavyo, yaani mnunuzi. Msambazaji mkubwa anaweza kushusha bei kwa miaka miwili tu na kiwanda kichanga kikafa, ikiwa watengenezaji wa magari wataendelea kununua kwa aliye nafuu zaidi siku hiyo.

Kwa mhandisi kijana kama wewe, kisa cha Northvolt kina mengi ya kufundisha. Kampuni hiyo ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilikusudiwa kuwa jibu la Ulaya kwa betri za Asia. Ilipata mabilioni ya mitaji na maagizo ya watengenezaji wakubwa wa magari, lakini kiwanda chake cha Skellefteå kilishindwa kutoa betri nzuri kwa wingi na kwa wakati. Mwaka 2024 BMW ilifuta agizo la euro bilioni mbili, na Machi 2025 kampuni ikafilisika. Mitambo inanunulika, lakini kuifahamu tabia yake, yaani ni joto gani, unyevu gani, na kasi gani haitaharibu betri moja kati ya kumi, ni maarifa yanayokaa mikononi mwa mafundi waliokosea na kusahihishwa kwa miaka mingi. China ina mafundi hao kwa makumi ya maelfu. Ulaya inawaanza upya.

SWALI: Nauza paneli za sola na pikipiki za umeme Kariakoo. Ulaya imeyawekea magari ya China ushuru. Umewasaidia? Na je, bidhaa hizo zitamiminika kwetu kwa bei ya chini zaidi?
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

JIBU: Ushuru huo ulianza mwisho wa Oktoba 2024, na huongezwa juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10: kwa kampuni za China, BYD ni asilimia 17, Geely 18.8, na SAIC 35.3. Umepunguza kasi, haujazuia. BYD inajenga kiwanda mjini Szeged, Hungaria, ndani ya uzio wenyewe. Kwa upande wa sola tuna ushahidi wa zamani zaidi. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 Ulaya ilizitoza paneli za China ushuru na kuziwekea bei ya chini kabisa inayoruhusiwa, lakini SolarWorld, kampuni kubwa ya Ujerumani iliyoongoza kampeni hiyo, ilifilisika mwaka 2017, na leo zaidi ya tisa katika kila paneli kumi zinazoingizwa Umoja wa Ulaya zinatoka China. Miaka ile mitano haikutumiwa kujenga viwanda vya silikoni na seli vyenye umeme wa bei nafuu, hivyo ulinzi ulipoondolewa hapakuwa na kitu cha kulindwa.

Kuhusu soko lako, bidhaa zinakuja kwa sababu uwezo wa viwanda vya China umepita mahitaji ya nchi yao, na kila mlango unaofungwa kwingine huongeza msukumo huo. Lakini usitegemee bei kushuka bila kikomo, kwani Desemba 2024 serikali ya China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza paneli nje kutoka asilimia 13 hadi 9, na watengenezaji wengi wamekuwa wakipata hasara.

SWALI: Jambo sana, Bwana Mhariri. Serikali yetu ilizuia kobalti isitoke. Wengine wanasema tunaiumiza Ulaya na mpango wake wa magari ya umeme. Ukweli ni upi?
*Mfanyabiashara, Lubumbashi*

JIBU: Jambo, ndugu yetu. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ilikuwa imeanguka vibaya kwa sababu ya wingi wake sokoni. Zuio la Februari 22 lilikuwa haki ya serikali yenu kama mwenye mali, na lilifanikiwa kuipandisha bei. Kuanzia Oktoba 16 limebadilishwa na mgao wa kiasi maalumu kwa kila kampuni, ambao kwa mwaka 2026 jumla yake ni tani 96,600.

Ulaya huguswa kwa njia ya mzunguko. Kobalti ghafi ya Katanga huenda kwanza China, ambako hufanyika sehemu kubwa ya usafishaji wa dunia, na Ulaya hununua iliyokwisha kuwa kemikali au betri. Kiwanda kikubwa kilicho ndani ya Umoja wa Ulaya kiko Kokkola, Finland, na kama vingine vya aina yake kinahitaji malighafi isiyokatika. Jambo la kuangaliwa na pande zote mbili ni kwamba bei ikipanda mno, watengenezaji hukimbilia betri za fosfeti ya chuma, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Betri hizo zimeshafikia karibu nusu ya soko la magari ya umeme duniani, na karibu zote hutengenezwa China. Hivyo Kongo hupoteza mteja, na Ulaya huzidi kumtegemea msambazaji yuleyule inayetaka kupunguza utegemezi kwake.

Umoja wa Ulaya ulitia saini makubaliano ya madini na Kongo Oktoba 2023, na unachangia kufufua reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola. Ulitia saini pia na Rwanda Februari 2024, jambo lililowaudhi Wakongo wengi kutokana na vita vya mashariki, na mwaka mmoja baadaye Bunge la Ulaya likataka makubaliano hayo yasimamishwe. Reli ni muhimu. Lakini ikiwa itabeba mawe ghafi kwenda bahari ya Atlantiki badala ya bahari ya Hindi, kitakachobadilika kwa mtu wa Kolwezi ni upande ambao treni inaelekea tu.

SWALI: Ninasafirisha chai na parachichi kwenda Ulaya. Je, huu ushuru wa kaboni mpakani ulioanza Januari 2026 unanihusu?
*Msafirishaji, Mombasa*

JIBU: Haukuhusu. Unatozwa kwa chuma, alumini, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni, na anayelipa ni mwagizaji wa Ulaya, kulingana na hewa ya ukaa iliyotolewa wakati wa kutengeneza bidhaa. Mwagizaji asiyefikisha tani 50 kwa mwaka kwa jumla amesamehewa, isipokuwa kwa umeme na haidrojeni. Barani Afrika, nchi iliyohesabiwa kuwa katika hatari zaidi ilikuwa Msumbiji, kwa ajili ya alumini ya kiwanda cha Mozal. Sheria ya kuzuia ukataji misitu, inayowagusa wakulima wa kahawa na kakao, ni nyingine kabisa.

Kwa viwanda vya Ulaya ushuru huu ni ngao yenye gharama zake. Vinapoteza hatua kwa hatua, hadi mwaka 2034, vibali vya bure vya kutoa hewa ya ukaa walivyopewa kwa miaka mingi, na wanaotengeneza mashine wanalipia chuma bei ya juu zaidi kuliko washindani wao wa nje. Ndiyo maana Desemba 2025 Tume ilipendekeza kuupanua uziguse pia bidhaa zinazotengenezwa kwa chuma na alumini.

SWALI: Sisi wa Kahama tumesubiri kiwanda cha kusafisha nikeli kwa muda. Kama Ulaya ina shida ya usafishaji, kwa nini isisafishiwe hapa?
*Msomaji, Kahama*

JIBU: Hoja yako ni sahihi, na Tanzania iliidai tangu mwaka 2017, wakati makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao haujasafishwa, yalipozuiwa kutoka nchini. Kanuni ya Ulaya ya kutotegemea nchi moja kwa zaidi ya asilimia 65 inafungua mlango kwa nchi kama yetu, kwa kuwa usafishaji unaofanyika Kahama ungehesabiwa kuwa chanzo kingine. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imo miongoni mwa zile zenye ubora wa juu duniani, na mpango wa kuisafisha katika eneo lililokuwa mgodi wa Buzwagi bado unazungumzwa.

Lakini angalia kilichotokea Ngualla, mkoani Songwe. Madini adimu ya huko yaliwahi kupangiwa kusafishwa Teesside, Uingereza. Mtaji wa Magharibi haukujitokeza kwa wakati, na mwaka 2025 kampuni yenye mradi ilinunuliwa na Shenghe Resources ya China, ambayo ina viwanda vyake vya kutenganishia. Ulaya ilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kuuchukua mradi huo. Kwa upande wa kinywe (grafiti), mradi wa Epanko, wilayani Ulanga, unatafuta mkopo kupitia benki ya serikali ya Ujerumani kwa dhamana inayotolewa pale ambapo viwanda vya Ujerumani vinahitaji malighafi hiyo, na mfano huo ni bora zaidi, kwa sababu unamfunga mnunuzi tangu mwanzo.

Umeme tunao sasa kuliko zamani, baada ya mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, kukamilika mwaka 2025. Zinahitajika bado asidi, reli, maji, mahali salama pa kuwekea mabaki, na mkataba wa ununuzi wa muda mrefu. Wawakilishi wenu watakapokutana na ujumbe wowote kutoka Brussels au Berlin, waulize kwanza kuhusu huo mkataba: ni kampuni ipi itakayonunua nikeli iliyosafishwa Kahama, tani ngapi kwa mwaka, kwa miaka mingapi, na bei itakuwaje siku soko la dunia litakapoanguka.